Kalafati: shajara ya filamu yetu fupi hapa Lamu

Januari 5

Haya, naanza kuandika manake ile shajara ya kichwani imeshajaa na kila wenzangu wakiniuliza tumefika wapi nawajibu kitu tofauti. Filamu ni fupi, nalenga dakika 26 hivi, ni ya mapenzi, mwanamke wa hapa Lamu amefiwa na mume kisha anapenda tena. Jina la skripti kwa sasa ni "Baada ya Machozi" na silipendi, litabadilika.

Drafti ya tatu iko tayari. Mwanakombo ana miaka 38, mumewe Athmani alikuwa mvuvi, akafa kwa maradhi, akaacha watoto wawili na mashua moja inayoitwa Subira ambayo imelala mchangani inapasuka kwa jua. Halafu yuko Shee, fundi wa vyombo vya baharini kutoka kijiji cha Matondoni, naye mkewe alishatangulia. Basi, ni hao. Hakuna tajiri wa kutoka Nairobi wala mtu kulishwa sumu.

Niandike pia kwa nini naifanya, ili nikianza kupotea nirudi hapa nisome. Baba yangu alifariki 2009 nikiwa na miaka 11. 2011 akaja mtu kumposa mama, mtu mpole, alikuwa akituletea mabungo na maembe na kila akifika anabisha hodi mara tatu anasubiri kule nje kwenye daka, ile baraza ya mlangoni, mpaka aitwe. Nililia siku tatu sikula. Mama akamkataa. Hajanilaumu hata siku moja, wala mimi sijawahi kumwambia kitu, nimekuja kuielewa ile hodi nikiwa mtu mzima na mama ameshazoea kulala na redio inaongea usiku kucha.

Januari 9

Leo tumesoma skripti kwa sauti. Bi mkubwa mmoja wa mtaani kwetu, jirani wa mama, nimempa nafasi ya mama mkwe, hajawahi kuigiza lakini sauti yake ukiisikia unakaa sawa. Ukurasa wa 4 tu akanyanyua mkono.

"Mwanangu, huyu bado yumo edani. Mbona mwanamume waja kumtajia ndoa?"

Kweli. Nilikuwa nimeiweka posa ya Shee mwezi wa tatu tangu afiwe. Eda ya aliyefiwa ni miezi 4 na siku 10 na ndani yake haposwi waziwazi, mtu akiwa na lake analiweka moyoni au anaashiria kwa mbali. Mimi eda naijua, nimeiona nyumbani kwetu, lakini nilikuwa naandika mbio mbio nifike kwenye mapenzi, yaani nikamkimbiza mwanamke wangu mwenyewe. Nimekata. Sasa Shee katika ule muda wote hamuoni kabisa, anachofanya ni kupita ufukweni kuitazama mashua na siku moja anaiegemeza gogo isizidi kulala ubavu. Bila kuambiwa na mtu. Hiyo ndiyo ishara yake, na naona ina nguvu kuliko yale maneno yote niliyokuwa nimemwandikia.

Ukurasa wa 19 ndio ulioniumiza. Niliandika Mwanakombo anachukua kikoi cha Athmani anakitupa baharini, kuonyesha sasa ameanza upya. Bi mkubwa akazifunga karatasi, akaniuliza, "Wamtupa, kwani kakosa nini?"

Sikuwa na jibu. Akanihadithia kuwa yeye mwenyewe alifiwa akiwa na miaka 30 na kitu, akaolewa tena, akakaa na mume wa pili miaka 22. Kila Ijumaa akimuombea dua yule wa kwanza, wa pili amekaa pale pale kitandani anaitikia amin. Basi. Sini (onyesho) ya kikoi imetoka, na hii ya amin imeingia, kwa ruhusa yake.

Jioni nikapitia kwa maalim nimuulize mambo ya nikaha nisije nikakosea tena. Akanikumbusha kitu nilichosoma madrasa nikakisahau: msichana bikira akiulizwa kama ameridhia, kunyamaza kwake kunatosha kuwa idhini, lakini aliyewahi kuolewa lazima atamke kwa mdomo wake. Wallahi nilikaa pale kwenye baraza la msikiti nikaiona filamu yote upya. Mwanakombo alipoolewa na Athmani alikuwa na miaka 18, akanyamaza, wakamhesabia ndiyo. Sasa ana 38 na sheria yenyewe inamdai aseme. Mwisho wa filamu ni neno moja, "Nimeridhia", na kabla ya hapo sitaki aseme jambo lolote la mapenzi, hata moja.

Tena si ajabu hapa kwetu mjane kuwa na neno. Mwana Kupona aliyemwandikia bintiye utendi 1858 alikuwa mjane, mumewe Bwana Mataka wa Siyu alishafariki. Tumekua tukisikia utendi unataja namna ya kumtunza mume na mimi miaka yote sikuwahi kufikiri kwamba anayesema vile hakuwa na mume tena, anakumbuka.

Januari 14

Mwigizaji mkuu, wa Mwanakombo, amekubali, mwalimu wa chekechea, ana macho yanayosikiliza. Sharti la familia yake ni moja, asishikwe mkono na mwanamume ambaye si wake, hata kwa kuigiza. Rafiki yangu wa kamera akaniambia filamu ya mapenzi watu wasishikane hata mkono itakuwaje, tutafute mwingine. Nikalala nalo. Asubuhi nikamwambia tunabaki naye. Hapa mjini ndivyo watu wanavyopendana kabla ya ndoa, kwa chungu cha pilau kinachotumwa na mtoto, kwa kukohoa ukipita chini ya dirisha. Sasa kazi ni kutafuta hiyo sini ambayo wako karibu sana na hawajagusana.

Mwigizaji wa Shee amepatikana Malindi, anakuja na basi mpaka Mokowe halafu avuke. Inabidi afundishwe Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu. Nimeamua kiamu kibaki kwenye mazungumzo, ndoo badala ya njoo, ndia badala ya njia, mato badala ya macho, tini badala ya chini. Wasioelewa wataelewa kwa uso.

Januari 16

Siku ya leo naiandika ndefu.

Tumekwenda Matondoni kwa boti la injini, mimi, wa kamera, na Shee wetu ambaye alikuwa hajawahi kushika tezo, kile kishoka cha kuchongea mbao, maishani. Ukishuka unawakuta kina mama wanasuka mikeka kivulini na huku ufukweni vyombo vimeinuliwa juu ya magogo. Fundi tuliyemfuata ni mzee, mikono yake imekuwa kama mbao zenyewe, alikuwa anatia kalafati kwenye mashua ya mtu. Tukakaa kutazama tangu saa tatu mpaka adhuhuri.

Kalafati ni hivi. Mbao mbili zinapokutana unabaki mwanya. Fundi anachukua pamba, anaisokota kwenye paja kama utambi mrefu, imelowa mafuta ya nazi, anailaza kwenye mwanya na kuisindilia kwa chuma bapa na nyundo, tk tk tk tk, haraka lakini kwa mkono mwepesi, kwa sababu ukipiga sana unaipanua mbao na ukipiga kidogo pamba itatoka. Chombo kikiingia majini mbao zinavimba zinaibana ile pamba, inakaza yenyewe. Sehemu ya juu ya maji wanapaka sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake inakaa kwenye nguo mpaka uzichome, na chini wanapaka shahamu, mafuta ya mnyama na chokaa, wadudu wa baharini wasile mbao. Chombo kikikaa nchi kavu muda mrefu mbao zinanywea na nyufa zinafunguka, sasa hata kama kilijengwa na fundi bora namna gani, kisipotumiwa kitavuja.

Hapo wenyewe mnaona. Sikuhitaji kuandika kitu, mashua ilikuwa imeshasema yote kuhusu Mwanakombo.

Nikamuuliza fundi, sasa utajuaje panapovuja kabla hujaitia majini? Akanijibu kama mtu anayejibu mtoto, "Mtu aingia ndani, twafunika kwa tanga kuwe kiza. Atakapoona mwanga ndipo." Akanambia ndoo ingia. Nikaingia, nikalala chali juu ya mataruma, zile mbavu za mashua, wakafunika. Joto, harufu ya mafuta ya nazi na chumvi ya zamani. Halafu nikaona, kama nyota hivi, vitobo vya mwanga vimejipanga kwa mstari kando ya bega langu. Nikasema hapa. Nje akagonga, tk, "Hapa?" Nikasema kushoto kidogo. Tk. "Hapa?" Sauti yake ilikuwa inapita kwenye mbao inaniingia mgongoni, na ubao wenyewe unene wake vidole viwili.

Nikatoka humo natetemeka. Sini ndiyo hiyo! Mwanakombo ndani ya mashua ya mumewe kwenye kiza, Shee nje na nyundo, wanaulizana hapa, hapa, na mtoto wake amekaa juu ya ukingo anawatazama wote wawili. Hawaonani na hawagusani na hakuna mtu anayeweza kuwa karibu zaidi ya hapo.

Jina la filamu sasa ni Kalafati.

Fundi akaongeza jambo lingine wakati tunaondoka. Nilimuuliza mtu akinunua chombo cha marehemu huwa mnabadilisha jina? Akasema wengine hubadili, yeye hapendi, akipewa kazi ya rangi huyafuata maandishi ya mwanzo, herufi kwa herufi. Kwa hivyo Shee ataandika Subira upya juu ya Subira ya Athmani, mkono wake ukifuata mkono wa mwenzake. Niliandika hili kwenye simu mawimbi yananirukia.

Januari 22

Mambo ya vifaa, kwa ufupi. Kamera ya rafiki yangu, lenzi mbili, ya milimita 35 na ya 50. Duka moja la Mombasa la kukodisha lilitutumia ile ya 50 ina ukungu ndani ya kioo, kurudisha wakakubali, pesa ya amana shilingi 6,000 mpaka leo wananizungusha. Tutashuti yote kwa 35. Fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) sekunde 1/50, umeme wetu ni hertzi 50 kwa hivyo taa za nyumbani hazitapepesa kwenye picha. Droni hatutumii, kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kingetula wiki na bajeti, na kusema kweli Lamu kutoka juu kila mtu ameshaionyesha, ndani ya nyumba ndiko hawajafika.

Lazima tumalize kushuti kabla ya Ramadhani ambayo mwaka huu inaingia katikati ya Februari.

Januari 28

Siku mbili ndani ya nyumba, sini za eda. Tumeazimwa nyumba ya zamani ya mawe yenye vidaka, yale mashubaka ya ukutani, kuta nene kiasi kwamba ndani unazungumza kwa sauti ndogo bila kutaka. Mwanga unaingia kutoka uwanja wa ndani tu, unashuka ukutani polepole kama maji yanakupwa, tukawa tunamfuata Mwanakombo anahama na ule mwanga, saa mbili asubuhi yuko hapa, saa sita yuko kule. Hatukuwasha taa hata moja mchana.

Saundi ndiyo iliyotutesa. Misikiti yetu ni mingi na adhana haianzi yote kwa pamoja, inapokezana, na kabla haijaisha punda analia chini ya dirisha na kuna boti linapita. Mwanzo nilikuwa nasema kata kila mara. Siku ya pili nikasema acheni. Mwanamke aliyefungiwa ndani miezi minne dunia inamfikia kwa masikio, zile kelele ndizo kalenda yake. Tukarekodi adhana peke yake kutoka juu ya paa, maiki imevalishwa kitambaa cha manyoya kwa ajili ya upepo wa kaskazi, dakika 11, nitaitumia.

Tatizo ambalo sikulitegemea ni asmini. Kuna sini, eda imekwisha, ameoga, kwa mara ya kwanza anatia asmini kichwani. Edani hapambwi wala hajitii manukato kwa hivyo yale maua ni jambo kubwa, ni kama kufungua dirisha. Tuliyachuma saa kumi yakiwa matumba yamefumba, tukaanza kushuti, tukarudia, tukarudia, na kumbe asmini hazingoji, usiku ukiingia zinafumbuka. Teki ya kwanza matumba, teki ya tano yamechanua meupe pepe. Haziungani kabisa. Itabidi irudiwe.

Februari 1

Sini ya kalafati imekamilika. Siandiki sana, nimechoka. Shee alipiga nyundo kama fundi, mzee mwenyewe akatikisa kichwa cha kukubali. Na mwalimu wetu mle ndani ya kiza alipofika kwenye "hapa" ya nne sauti ikakatika, haikuwa kwenye skripti, akanyamaza, na nje Shee naye akaiacha nyundo hewani akangoja. Sekunde 9 za kimya. Wa kamera alikuwa amebana pumzi mpaka nikamsikia anaiachia. Nimeuliza kama kuna mtu anataka turudie, hakuna aliyejibu.

Februari 5

Kushusha Subira majini. Hii ilikuwa hesabu. Nilitaka maji yamejaa na jua linazama kwa wakati mmoja. Mbele ya mji haiwezekani, pale tunatazama kisiwa cha Manda, jua linatoka upande ule, na jioni kivuli cha nyumba kinaanguka baharini mapema, kwa hivyo Matondoni tena. Halafu maji. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, hujaa saa kumi na kitu alasiri, kila siku yanachelewa karibu dakika 50, basi ukihesabu siku mbili tatu baada ya bamvua yanajaa magharibi. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 1 na 2. Tukachagua jana na leo.

Jana mawingu. Leo Mola katupa. Watu wa kijiji walikuja kusukuma kweli, si waigizaji, na walipoanza kuitikia harambee ile ya kushusha chombo nikaacha kuwaelekeza, nikakaa nyuma ya kamera nikalia tu. Mwanakombo amesimama pembeni na watoto wawili, buibui linapepea, na mashua inateleza juu ya magogo inaingia majini, inayumba, inakaa. Mdogo akauliza, "Yavuja?" Shee akasema, "Kidogo. Itajifunga."

Hilo la mtoto nililiandika mimi. Hilo jibu alilitoa Shee wetu mwenyewe, kijana wa Malindi, baada ya wiki tatu na mafundi.

Februari 10

Rafu kati, yaani uhariri wa mwanzo, dakika 41. Ndefu mno. Nimetoa sini yote ya sokoni, nzuri lakini haifanyi kitu, nimetoa pia wale wanawake wanaomsema Mwanakombo vibarazani, manake niligundua nilikuwa nawaadhibu watu walioniudhi mimi. Imebaki dakika 29. Diski moja ilikataa kusoma jana usiku, moyo ukanipasuka, nakala ya pili iko salama kwa wa kamera. Kuanzia leo nakala tatu, ya tatu inalala nyumba nyingine.

Sini ya nikaha ni fupi kuliko zote. Wali, msimamizi wake wa ndoa, anauliza kwa nje ya pazia. Tumebaki na uso wa Mwanakombo. Anatazama kidaka ambapo kikoi cha Athmani kimekunjwa, hajakitoa, halafu anatamka. Nilikuwa nimeweka muziki wa udi pale, nimeuondoa.

Februari 13

Nimemuonyesha mama.

Nilipanga nimuonyeshe ikiisha kabisa, lakini aliniona kwenye laptopu akavuta kiti, akavaa miwani. Hakusema kitu dakika zote 29. Kwenye hodi, manake Shee nimempa hodi ya yule bwana, tatu na kusubiri, aliniangalia mara moja tu, kisha akarudi kutazama.

Ilipokwisha nikamwambia, "Mama, niwie radhi." Hakuuliza ya nini. Akasema, "Ulikuwa mtoto." Tukakaa. Halafu akasema lile tungo la asmini halikutungwa sawa, huyu mwalimu wenu ameipitisha sindano ubavuni, litakatika kabla hajafika mlangoni.

Kweli sini ile ilikuwa inasubiri kurudiwa. Nikamwambia basi nionyeshe.

Februari 15

Tumeirudia leo, picha ya mikono tu, karibu sana. Matumba yamechumwa saa kumi na moja kasoro, mara hii tulijua tuna muda gani. Mama amekaa kwenye mkeka, uzi mweupe, anashika tumba kwenye kikonyo, sindano inaingia katikati ya kitako chake, analisukuma kwa kidole gumba linakutana na mwenzake, anageuza kidogo ili vichwa vitazame nje. Mikono ina madoa ya uzee na pete ya baba. Wa kamera akaniuliza kwa kunong'ona pete itolewe? Mwanakombo hana pete kwenye sini nyingine. Nikasema iache. Nitamvisha Mwanakombo pete kwa kurudia picha mbili, si kazi kubwa.

Hatukukata mpaka tungo lilipoisha. Dakika 4 na nusu, nitatumia sekunde 40 na zaidi sipunguzi, hata edita anililie.

Lililobaki ni saundi, rangi na manukuu. Lile tungo mama hakulitupa, alilifunga kichwani akaenda nalo kuswali magharibi, na nyumba nzima usiku huu inanukia.